Mrudishieni Sauti Yake

Mtaa wa Cawthra, Na. 14
Burnley, Lancashire
7 Machi 1929

Mwanangu Ellis,

Nakusalimu mimi mama yako, halafu nyumba nzima inakusalimu, mmoja mmoja, maana nikisema tu wote hawajambo utadhani kuna mgonjwa namficha. Baba yako hajambo, mgongo unamsumbua asubuhi lakini akishainama chini ya mashine mbili tatu unanyooka wenyewe. Dada yako Annis hajambo, ananenepa. Bibi yako Tabitha hajambo, bado tumemlaza chini karibu na moto, anakula uji na kulalamikia uji. Shangazi yako Kezia hajambo ila meno mawili ya mbele yametoka, na sasa akisema kwa midomo tu bila sauti kiwandani, kama tufanyavyo sote kwa kelele za mashine, wale wafumaji wageni hawamwelewi, wanadhani anawatukana. Mara nyingine anawatukana kweli. Njiwa wa baba yako wamefika kumi na tisa. Paka alikufa, hilo nilikuwa sitaki kukuandikia.

Annis ataolewa Agosti na Rowland, yule kijana wa Mzee Sagar mwenye masikio. Habari yenyewe alinipa kazini. Yeye yuko mstari wa nne na mimi wa kwanza, mashine zote zinapiga, hata mzinga ukilia mle ndani husikii, naye akafungua mdomo taratibu akaniambia, Mama, Rowland ameniposa. Kabla sijamjibu wanawake thelathini walikuwa wameshamjibu. Unavyopajua, siri haikai pale maadamu mwenye siri ana midomo na wengine wana macho.

Sasa ninalotaka kusema. Barua yako ya Krismasi ilikuwa mistari mitano. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Umesema kampuni ya filamu imekuchukua kwa hizi filamu mpya za kusema. Basi, tangu siku ile sina raha, lakini ni kukosa raha kuzuri. Filamu zako za bubu nimeziona zote tatu. Ile ya mwisho, pale unapomshika yule binti na maandishi yanasema nitakupenda hadi kaburini, sisi sote tulisoma mdomo wako ukisema viatu hivi vinanibana. Kiwanda kilicheka wiki nzima. Kezia kila akinipita ananiuliza kama viatu vimelegea.

Lakini mwanangu, kukuona bila kukusikia ni kama kukuona dirishani unapita na huingii. Miaka saba sijasikia sauti yako. Sikio langu la kushoto sasa limekufa kabisa, mashine zimelimaliza. La kulia bado linafanya kazi, na ninalitunza. Nalifunga pamba hata nikienda sokoni. Nataka likusikie wewe kwanza, halafu nalo likitaka kwenda liende.

Unakula? Kifua chako je? Ile fulana ya sufu unaivaa au umeiweka? Nijibu hayo kwanza kabla ya mengine.

Mama yako,
Hannah Pilling


London, 19 Aprili 1929

Mama mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa. Salamu zako zimenifikia zote, na paka nimemlilia kidogo. Mpe Annis pongezi, na mwambie Rowland avae kofia siku ya harusi.

Nakula. Kifua ni kizima. Fulana naivaa, ila huku studio kuna joto la taa kiasi kwamba rangi ya usoni inayeyuka na kudondoka shingoni. Mpiga picha wamemfungia ndani ya kibanda kama kabati ili mlio wa kamera usiingie kwenye sauti, na kila dakika kumi wanamtoa akiwa mwekundu kama nyama mbichi, anapewa maji, anarudishwa. Kinasa sauti wamekificha ndani ya chombo cha maua. Basi ukitaka kumwambia mchumba wako unampenda, unayaambia maua.

Filamu inaitwa Mrithi wa Thornmere. Mimi ndiye mrithi, kijana wa kitajiri mwenye mbwa wawili. Jina langu litakuwa juu kabisa, Mama, herufi kubwa kuliko zote. Nilipotoka hapo nyumbani nilishika mkuki jukwaani nyuma ya wafalme miaka miwili, nikalala kwenye vyumba vya kupanga toka Hull mpaka Plymouth, chumba kimoja na mtu wa kuchezesha mbuzi jukwaani, pamoja na mbuzi. Sasa ni herufi kubwa. Furahini.

Ila nakuomba kitu. Ikija huko, usiende kuiona. Si nzuri sana. Subiri ya pili au ya tatu.

Baba anasemaje?

Mwanao,
Ellis


Burnley, 30 Juni 1929

Mwanangu Ellis,

Nimeandika Mei na hukujibu, nikaandika tena na hukujibu, sasa naandika hii na keki ya tangawizi ndani ya bati, ili hata kama hutaki kuandika uandike kushukuru. Wote hapa hawajambo. Bibi anakusalimu. Baba yako hajambo.

Umeniambia nisiende kuiona filamu. Ellis, mimi nimekuzaa. Ulipokuwa na miaka sita ukaniambia nisitazame nyuma ya banda la makaa, nilitazama, na nilikuta nini? Suruali yako ya kanisani imechanika kati. Ukisema usitazame, mimi natazama. Kuna nini ndani ya filamu hiyo? Umeumia? Unavaa nguo za aibu? Mke wa mchungaji anasema filamu nyingine zina watu wanaooga. Kama unaoga niambie tu, nitafumba macho sehemu hiyo.

Meneja wa sinema ya mtaa wa soko ameshaleta mashine ya sauti. Anasema Mrithi wa Thornmere itafika Oktoba. Annis amepita na daftari kiwandani akiandika majina ya wanaokwenda. Jana wamefika mia mbili na kumi.

Andika.

Mama


Burnley, 16 Oktoba 1929

Mwanangu Ellis,

Leo sitamsalimia mtu kwa niaba ya mtu, maana wote wanakusalimu na wote wana la kusema, na nikianza na salamu nitazitumia kama mahali pa kujificha. Jumatatu tumekwenda.

Tulitoka kiwandani moja kwa moja, pamba bado kwenye nywele. Tulijaza jumba lote la chini, na wengine roshani. Mimi nilikaa katikati, Kezia kushoto upande wa sikio lililokufa kwa sababu yeye nikitaka kumsikia namtazama tu, na kulia hakukaa mtu. Nilimwomba meneja aniachie nafasi kulia. Akaniuliza ya nini, nikamwambia ni ya sikio. Aliniona nimerukwa na akili lakini aliniachia.

Ukatoka. Umevaa koti refu, mbwa wawili miguuni, na jumba zima likasema aaa. Umekonda. Ukafungua mdomo.

Ellis, sauti iliyotoka nimeisikia kwa sikio langu zima. Ilikuwa sauti ya mtu aliyenyweshwa maziwa na watumishi mpaka kakua. Nilidhani ni mashine imeharibika. Nikakutazama mdomo, na mdomo ulikuwa wako, unafunguka vile vile tunavyofungua sisi, kila neno limebebwa mbele kwenye midomo kama sahani. Sauti inasema kwa pua na mdomo unasema Burnley. Nikageuka kwa Kezia. Kumbe jumba zima limegeukiana gizani, midomo inakwenda. Sauti ya nani hiyo? Si ya Ellis. Nani kamshika koo? Wafumaji mia mbili wanaongea na hakuna hata mlio mmoja. Meneja alidhani tumetulia kwa kupendezwa.

Halafu wakaanza kucheka. Nakuambia ukweli. Kila ukifungua mdomo wanacheka, na mimi nimekaa pale nimeshika mkoba nataka sakafu inimeze, kwa sababu wanachekea kitu ambacho nimengojea miaka saba.

Ikafika ile sehemu ya dirisha. Umesimama nyuma ya kioo, mvua inateremka, ile sauti inasoma barua ndefu ya mapenzi, na wewe unasogeza midomo. Tukasoma midomo. Ulisema, Mama, hii sauti si yangu. Wamempa mtu mwingine aseme. Nimeona haya kukuandikia. Nisamehe, Mama.

Kicheko kilikatika kama mashine iliyokatwa mkanda. Mia mbili wote wameisoma pamoja, Ellis. Hakuna aliyehitaji kuulizwa. Kezia alinishika mkono. Annis analia. Ile sauti inaendelea tu na mapenzi yake, haina habari.

Ndipo mtu mmoja akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akapanda juu ya kiti. Akapaza sauti, na huyo si mtu wa kupaza sauti. Akasema, "Zimeni hiyo mashine. Huyo kijana ana sauti yake, naijua. Mrudishieni sauti yake."

Meneja akaja na tochi. "Shuka, mzee, au naita polisi."

"Ita. Waje na sauti yake."

"Mguse huyo uone," Kezia akamwambia meneja, na alivyo bila meno yule bwana alirudi nyuma hatua mbili. Halafu jumba zima likaanza kupiga viatu vya mbao sakafuni, wote kwa mwendo mmoja, mpaka vumbi likashuka toka darini. Filamu ikazimwa. Jumanne haikuonyeshwa tena.

Sasa niambie. Wamekufanya nini?

Mama

Huyo aliyesimama nimeahidi kutomtaja.


London, 18 Oktoba 1929

Mama,

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, sikufika hata kwenye kiti.

Ni hivi. Siku ya kwanza ya kujaribu sauti, mwongozaji alivua vile vitu vya kusikilizia masikioni, akawageukia wenzake akasema, "Uso wa bwana mkubwa, sauti ya mkokoteni." Wakacheka. Nikacheka na mimi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba na mimi nilicheka. Wakaniletea mwalimu wa matamshi, mama mmoja aliyenitia kizibo cha chupa kati ya meno, kila asubuhi wiki tatu, nikawa nasema kama mtu anayezama. Mwisho wakaleta bwana mmoja, Lionel Ashcombe. Yeye anasimama nyuma ya pazia na karatasi, anasema, na mimi mbele ninasogeza midomo. Si mtu mbaya. Aliniomba radhi mara mbili, kwa sauti nzuri sana.

Nimetia sahihi mkataba wa filamu tatu. Zote hivyo.

Lile la dirishani nilijiambia nalisema kwa ajili yangu tu, hakuna atakayejua. Hapa London hakuna aliyejua, walisema mvua imevuruga picha. Lakini nadhani nilikuwa nadanganya nafsi. Nilikukataza usiende, halafu nikakuandikia barua pale ambapo wewe tu ungeisoma. Wewe na watu mia mbili.

Mama, Baba aliniambia nini siku ile naondoka, unakumbuka. Kwamba nikitoka na hao waigizaji sauti yangu isisikike tena ndani ya nyumba yake. Basi imetimia, haisikiki popote. Usimwambie.

Kuna mwanamke mmoja wa Rochdale, mwalimu wa shule, ameandika mchezo wa jukwaani juu ya wafumaji waliofungiwa nje ya kiwanda. Thieta moja ndogo ya Manchester inautaka, na ananitaka mimi. Hapana herufi kubwa huko. Nikienda, kampuni haitanisamehe na huenda nisiigize filamu tena maisha yangu. Nikibaki, nitakuwa tajiri asiye na mdomo.

Nifanye nini? Na nani alisimama?

Ellis


Burnley, 21 Oktoba 1929

Mwanangu,

Mimi ni mwoga, unanijua. Ningekuwa na njia ningekuambia ubaki, uvae koti lile zuri, ule nyama kila siku, na mimi nijifunze kuipenda sauti ya Lionel. Usiku huu nimejaribu. Nimekaa jikoni nikajaribu kuikumbuka sauti ile ikiniita mama. Haikuniita.

Miaka thelathini na saba nimesema bila sauti kwa sababu mashine zinapiga na hapana njia. Wewe nani anakupigia mashine? Watu watano wenye vitu masikioni. Hao ndio wakufanye bubu?

Nenda Manchester. Vaa fulana. Wakikufukuza London, chumba chako bado kipo, ingawa kuna viazi ndani.

La baba yako sitakujibu. La aliyesimama pia.

Mama


Manchester, 9 Machi 1930

Mama mpenzi,

Salamu kwenu wote, na kwa Annis na Rowland na tumbo la Annis. Najua nimenyamaza. Mazoezi yalikuwa asubuhi hadi jioni, na zaidi ya hapo nilikuwa naogopa kuandika kabla ya kujua.

Kampuni ilijua yote. Habari za sinema yenu zilivuka mji. Watu wa Accrington na Nelson nao walipiga viatu, magazeti yakaandika, na watu wa London wakaenda kutazama midomo yangu makusudi ili wacheke. Nikaitwa ofisini. Waliuchana mkataba mbele ya macho yangu, vipande vinne, wakidhani wananiadhibu. Niliokota kipande kimoja kama ukumbusho.

Jana tumefungua. Mama, sikujua nitaanzaje kusema. Nimesimama nyuma ya pazia nina umri wa miaka ishirini na sita na sijasema neno lolote mbele ya watu kwa sauti yangu mwenyewe tangu nimeondoka nyumbani, kwa sababu hata nilipobeba mkuki nilifundishwa kusema bwana wangu kwa pua. Pazia likapanda. Nikasema neno la kwanza kama ninavyokuambia wewe nifungulie mlango. Mtu mmoja mbele akacheka kwa furaha, si kwa dharau. Baada ya hapo sikushikika.

Sehemu ya pili iko ndani ya kiwanda. Nyuma ya jukwaa wanne wanapiga mbao na minyororo, kelele kweli kweli, na sisi tunagombana kwa midomo tu, mume na mke, dakika nzima bila sauti. Waigizaji wa kusini niliwafundisha mwenyewe. Mwanzoni walikuwa kama samaki kwenye ndoo. Jana wale waliokuwa wakijua kusoma midomo walikuwa wanawanong'oneza majirani zao maana yake. Tuliitwa mbele ya pazia mara tisa.

Wakati naondoa rangi usoni mlinzi wa mlango wa nyuma akaja. "Kuna mzee alikuwa juu kabisa, viti vya bei ndogo," akasema. "Ameacha hiki." Ni kikapu. Ndani yake njiwa, amefungwa karatasi mguuni. Karatasi haina neno hata moja.

Mama, ni nani alisimama kwenye kiti?

Ellis


Burnley, 12 Machi 1930

Mwanangu Ellis,

Nyumba yote inakusalimu. Baba yako hajambo, na safari hii nitaeleza hajambo kwa vipi.

Ndiye. Ile Jumatatu aliniambia anakwenda kikao cha kanisa. Akaingia sinema taa zilipozimwa, akakaa nyuma kabisa, mtu aliyeapa kutotia mguu mahali pa maigizo. Nilipomwona juu ya kiti nilidhani ni kifo changu. Kurudi nyumbani alitembea mbele yetu hatua kumi, na mlangoni akaniambia, "Hannah, usimwandikie." Nikamuuliza kwa nini. "Nilimwambia sauti yake isisikike humu," akasema. "Nilimaanisha humu. Sikuwaambia wao wakaichukue."

Jumamosi alisema anapeleka njiwa kwenye mashindano ya Stockport. Kezia akamuuliza njiwa gani anashindana kwa kuvaa suti ya kanisani. Akachukua kikapu, akatoka. Alirudi amechelewa sana, akavua viatu, akakaa, akatazama moto. Nikasubiri. Nikachemsha chai, nikasubiri tena. Mwisho akasema, "Anasema vizuri." Basi. Nikamwambia ndiyo hiyo tu, treni kwenda na kurudi? Akafikiri. "Anasikika mpaka juu."

Kwa Enoch Pilling hiyo ni hotuba, unajua.

Huyo njiwa umlishe mahindi siku mbili halafu umwachie. Atarudi mwenyewe. Kama una la kumwambia baba yako, liandike umfunge mguuni. Hatakuuliza, ila tangu Jumapili anakwenda bandani kutazama angani mara kumi kwa siku na kusema anaangalia mvua.

Mfungulie upesi.

Mama


London, 25 Januari 1931

Mama mpenzi, na Baba, kwa kuwa najua tangu yule njiwa arudi mnasomeana,

Wapokee wote salamu zangu, na yule mtoto wa Annis mbusuni masikio yote mawili.

Mchezo wetu una miezi minane sasa hapa London, na watu bado wanapanga mstari kwenye theluji. Wiki iliyopita alikuja mgeni chumbani kwangu. Ni yule mwongozaji wa mkokoteni. Alikuwa na maua. Akasema kampuni inataka kuufanya mchezo filamu, nami ndani yake, jina juu.

"Na Ashcombe atasimama wapi?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Hapana Ashcombe. Sauti yako."

"Sauti yangu ni ile ile. Sijaipeleka kwa fundi."

"Nilikosea, Bwana Pilling," akasema. Aliniangalia machoni aliposema, kwa hiyo nikampa mkono. Lakini niliandikisha kwenye mkataba, mstari wa kwanza kabisa, kwamba kila neno litakalotoka mdomoni mwangu litakuwa la koo langu. Mwanasheria wao alisema hajawahi kuandika kitu kama hicho. Lionel Ashcombe nimemwombea nafasi pia. Atakuwa mwenye kiwanda, na hatimaye atatoka nyuma ya pazia. Amenishukuru, kwa sauti nzuri sana.

Sikio la kulia linaendeleaje? Lifunge pamba.

Ellis


Burnley, 8 Novemba 1931

Mwanangu Ellis,

Nakusalimu mimi, anakusalimu baba yako, anakusalimu Annis na Rowland na mtoto wao Tom ambaye masikio ni ya baba yake bila ubishi, anakusalimu bibi yako Tabitha ambaye wanaume wanne walimbeba na kiti chake mpaka sinema na akawa anawaelekeza njia, anakusalimu shangazi Kezia ambaye ametiwa meno mapya na sasa hanyamazi. Kazi ni haba, kiwanda kinafungua siku tatu kwa wiki, lakini jana hakuna aliyelalamika.

Filamu yako imefika. Meneja alikuja mwenyewe hapa nyumbani na kofia mkononi kumwalika baba yako. "Viti vya mbele, Mzee Pilling," akasema, "na nakuomba tu ukae juu yake, usisimame." Baba yako akamwambia itategemea.

Jumba lilijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Taa zikazimwa. Baba yako alikuwa kulia kwangu, nafasi ya sikio nilimpa yeye. Ukatoka kwenye picha, umevaa kofia kama ya kwake, na pande zote nikaona watu wameinua shingo kukusoma midomo, kama kawaida yetu, hata Kezia, hata bibi.

Mimi nilifumba macho.

Tangu niingie kiwandani nina miaka kumi, hakuna mtu aliyesema nami bila mimi kumtazama mdomo. Hata baba yako. Hata wewe ulipokuwa mdogo nilikushika kidevu ukisema. Jana nilifumba macho na ukasema, na nilisikia kila kitu, toka mwanzo hadi mwisho, na ile ya kukwaruza kidogo unapokasirika, ambayo nilikuwa nimeisahau. Annis aliniona akadhani nimezimia. Alinitikisa bega, "Mama, fungua macho, utamkosa." Nikamwambia, nyamaza, simkosi.

Ilipokwisha hawakupiga viatu. Walisimama. Baba yako naye alisimama, sakafuni safari hii, na meneja hakuleta tochi.

Sasa viazi nimevitoa chumbani kwako. Baba yako amepaka chokaa kuta mbili na anasema hajapaka. Mwaka huu Krismasi unakuja au huji? Anataka kujua ni treni ya siku gani na ya saa ngapi, ingawa amenikataza kusema kwamba ni yeye anayeuliza. Tuletee jibu kwa posta ya kesho, usingoje kesho kutwa, maana ameshaanza kwenda stesheni kusoma ratiba.

Mama yako,
Hannah Pilling